Kigawo Kikubwa cha Shirika: jinsi ya kukipata kwa kugawanya kwa kurudia

Kikundi cha wakulima kimepokea miche ya miti ya matunda: 84 ya miembe, 126 ya michungwa na 210 ya miparachichi. Wamekubaliana kwamba kila kaya ipate miche ya aina zote tatu, kaya zote zipate sawa, na usibaki hata mche mmoja wa kuleta maneno. Je, ni kaya ngapi, kwa wingi kabisa, zinazoweza kugawiwa kwa masharti hayo?

Mara nyingi ugawaji wa namna hii huanza kwa kukisia. Mtu anasema, "Tujaribu watu 30." Miembe inaanza kutolewa, miwili miwili, na mwishoni inabaki 24 huku watu wakitazamana. Miche iliyokwisha toka mikononi ni vigumu kuirudisha, na hapo ndipo manung'uniko yanapoanza.

Hesabu ya kuzuia hali hiyo inafundishwa shule ya msingi. Inaitwa Kigawo Kikubwa cha Shirika, kwa kifupi KKS. Makala haya yanaeleza njia mbili za kukipata kwa namba zaidi ya mbili: ya kwanza ni ile ya shuleni, na ya pili inafaa namba zinapokuwa kubwa. Ukiwa na kalamu na karatasi inatosha, na kikokotoo cha simu, hata cha simu ya kitochi, kitakusaidia zaidi.

Maana ya KKS

Kigawo cha namba ni namba inayoigawa bila kubakiza kitu. Kwa mfano, vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Vigawo vya 18 ni 1, 2, 3, 6, 9 na 18.

Neno "shirika" hapa lina maana ya kushirikiana. Vigawo ambavyo 12 na 18 zinashirikiana ni 1, 2, 3 na 6. Kikubwa kuliko vyote ni 6. Kwa hiyo KKS ya 12 na 18 ni 6.

Usichanganye KKS na KDS, yaani Kigawe Kidogo cha Shirika. Kumbuka hivi: kigawo hugawa, kigawe hugawanywa. Namba 6 ni kigawo cha 12 kwa sababu inaigawa. Namba 24 ni kigawe cha 12 kwa sababu inagawanyika kwa 12. KKS haiwezi kuwa kubwa kuliko namba ndogo kati ya zile ulizopewa, na KDS haiwezi kuwa ndogo kuliko namba kubwa.

Njia ya kwanza: kugawanya zote kwa namba tasa

Namba tasa ni namba yenye vigawo viwili tu, yaani 1 na yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea. Katika njia hii unaandika namba zako zote kwenye mstari mmoja, kisha unatafuta namba tasa inayozigawa zote bila baki. Majibu unayaandika chini yake, na unarudia kwenye mstari mpya hadi isipatikane tena namba ya kuzigawa zote.

Turudi kwenye miche yetu:

2 | 84, 126, 210
3 | 42, 63, 105
7 | 14, 21, 35
   | 2, 3, 5

Hatua ya kwanza, namba zote tatu ni shufwa, kwa hiyo tunagawanya kwa 2. Tunapata 42, 63 na 105. Hatua ya pili, 63 na 105 ni witiri, kwa hiyo 2 haifai tena. Tunajaribu 3, nayo inazigawa zote. Tunapata 14, 21 na 35. Sasa 3 haigawi 14, na 5 haigawi 14 wala 21, lakini 7 inazigawa zote. Tunapata 2, 3 na 5.

Hakuna namba zaidi ya 1 inayozigawa 2, 3 na 5 kwa pamoja. Tumefika mwisho. Sasa tunazidisha namba za kushoto peke yake:

2 × 3 × 7 = 42

KKS ni 42. Kwa hiyo kaya 42 zinaweza kugawiwa sawa. Tazama pia mstari wa chini: 2, 3, 5. Hilo ndilo fungu la kila kaya, yaani miembe 2, michungwa 3 na miparachichi 5. Hesabu moja imetoa majibu mawili.

Ili usihangaike kutafuta namba ya kugawia, kumbuka dalili hizi. Namba inagawanyika kwa 2 ikiwa tarakimu yake ya mwisho ni 0, 2, 4, 6 au 8. Inagawanyika kwa 5 ikiwa inaishia na 0 au 5. Inagawanyika kwa 3 ikiwa jumla ya tarakimu zake inagawanyika kwa 3. Mfano, 126: 1 + 2 + 6 = 9, na 9 inagawanyika kwa 3, basi 126 nayo inagawanyika kwa 3. Kwa 7 na nyingine kubwa zaidi, gawanya tu uone.

Na kama wanachama si 42?

Hapa ndipo KKS inaposaidia zaidi. Ukishaijua, unajua idadi zote za mafungu sawa zinazowezekana, kwa sababu kila moja ni lazima iwe kigawo cha KKS. Vigawo vya 42 ni 1, 2, 3, 6, 7, 14, 21 na 42.

Kikundi kikiwa na kaya 21, mgawo unakwenda vizuri: kila kaya inapata miembe 4, michungwa 6 na miparachichi 10. Kikiwa na kaya 14, kila moja inapata miembe 6, michungwa 9 na miparachichi 15.

Kikiwa na kaya 30, haiwezekani. Namba 30 si kigawo cha 42, kwa hiyo angalau aina moja ya miche itabakiza. Katibu akilijua hilo kabla ya siku ya kugawa, anaweza kuwaeleza wanachama mapema: kila kaya itapata miembe 2, michungwa 4 na miparachichi 7, na itabaki miembe 24 na michungwa 6. Basi wakubaliane kabisa kama miche hiyo itapandwa shuleni, zahanati au kwenye shamba la kikundi. Baki iliyojulikana mapema huwa jambo la kujadili. Ikigunduliwa wakati wa kugawa, watu huanza kushukiana.

Makosa matatu ya kuepuka

Kosa la kwanza, na ndilo linalowaangusha wanafunzi wengi, ni kuendelea kugawanya wakati namba uliyoichagua inagawa baadhi tu. Chukua 48, 60 na 90:

2 | 48, 60, 90
3 | 24, 30, 45
   | 8, 10, 15

Hapa tunasimama. Ni kweli 2 inagawa 8 na 10, na 5 inagawa 10 na 15, lakini hakuna inayozigawa zote tatu. KKS ni 2 × 3 = 6.

Mwanafunzi aliyezoea KDS ataendelea: atagawanya 8 na 10 kwa 2, apate 4, 5 na 15, kisha atagawanya 5 na 15 kwa 5. Mwisho atazidisha 2 × 3 × 2 × 5 na kupata 60. Jibu hilo linajiumbua lenyewe: 60 ni kubwa kuliko 48, sasa itaigawaje 48? Kwenye KDS inaruhusiwa kuendelea hata kama inagawanyika namba moja tu. Kwenye KKS ni zote au unasimama.

Kosa la pili ni kusimama mapema. Mtu akigawanya mara moja kwa 2 anaona kazi imekwisha. Kabla ya kuzidisha, uangalie mstari wa chini na ujiulize: je, bado kuna kitu kinachozigawa zote?

Kosa la tatu ni kuzidisha pia namba za mstari wa chini. Hizo si sehemu ya KKS. Zinaonyesha ukubwa wa kila fungu tu.

Wakati mwingine hakuna namba tasa inayozigawa zote tangu mwanzo. Hapo KKS ni 1. Mfano mzuri ni 6, 10 na 15. Namba 6 na 10 zinashirikiana 2, 6 na 15 zinashirikiana 3, na 10 na 15 zinashirikiana 5. Lakini zote tatu kwa pamoja hazishirikiani chochote zaidi ya 1. Jibu la 1 ni jibu kamili: linakwambia kwamba vitu hivyo, kwa idadi hizo, haviwezi kugawanywa katika mafungu sawa bila kubakiza.

Njia ya pili: namba zikiwa kubwa

Njia ya kwanza ina udhaifu mmoja. Inakutaka ukisie namba ya kugawia, na vigawo vikiwa vikubwa unaweza kukata tamaa kabla hujafika.

Tuseme mkulima wa nyanya ana vipande vitatu vya kamba: sentimita 899, sentimita 1,023 na sentimita 1,147. Anataka kuvikata vyote katika vipande vifupi vinavyolingana urefu, vya kufungia nyanya kwenye miti, bila kutupa hata sentimita moja, na kila kipande kiwe kirefu iwezekanavyo. Anahitaji KKS ya namba hizo tatu. Ukijaribu kuzigawa zote kwa 2, 3, 5, 7, 11 na 13, zote zinakataa. Wengi wangesema jibu ni 1. Si kweli.

Njia ya pili haihitaji kukisia. Inatumia baki. Inaitwa njia ya Euclid, kwa jina la mwanahisabati aliyefundisha katika mji wa Alexandria, Misri, takriban miaka 300 kabla ya Kristo. Aliieleza katika kitabu cha saba cha mkusanyiko wake unaojulikana kama Elements. Hadi leo kompyuta zinaitumia, ikiwemo katika kutengeneza funguo za siri zinazolinda mawasiliano ya intaneti.

Kwa namba mbili, utaratibu ni huu: gawanya kubwa kwa ndogo na uchukue baki. Kisha gawanya ile ndogo kwa baki hiyo. Endelea hivyo, kila mara ukigawanya namba uliyogawia kwa baki mpya, hadi baki iwe 0. Namba ya mwisho uliyogawia ndiyo KKS.

1,023 ÷ 899 = 1, baki 124
899 ÷ 124 = 7, baki 31
124 ÷ 31 = 4, baki 0

KKS ya 1,023 na 899 ni 31. Sasa tunachukua 31 na namba iliyobaki:

1,147 ÷ 31 = 37, baki 0

Kwa hiyo KKS ya zote tatu ni 31. Kila kipande kitakuwa na urefu wa sentimita 31. Kamba ya kwanza itatoa vipande 29, ya pili 33 na ya tatu 37. Jumla ni vipande 99, bila mabaki.

Kupata baki kwa kikokotoo cha simu

Ukiandika 899 ÷ 124 kwenye simu, kioo kitaonyesha 7.25. Wengine hudhani baki ni 25. Hapana. Hiyo .25 ni robo ya 124, si baki yenyewe. Fanya hivi: chukua sehemu iliyo kabla ya nukta, yaani 7. Zidisha 7 × 124, unapata 868. Toa 868 kwenye 899, unapata 31. Hiyo ndiyo baki.

Kama jibu la kikokotoo halina nukta kabisa, baki ni 0.

Kwa nini njia hii haikosei

Fikiria kopo la kupimia. Kopo hilo likijaza gunia la kwanza kwa idadi kamili ya makopo, na gunia la pili pia kwa idadi kamili, basi tofauti kati ya magunia hayo mawili nayo itakuwa idadi kamili ya makopo. Ikiwa la kwanza ni makopo 33 na la pili ni makopo 29, tofauti ni makopo 4, wala haiwezi kuwa makopo manne na nusu.

Kugawanya na kuchukua baki ni sawa na kutoa mara nyingi kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo kigawo chochote kinachoshirikiwa na namba mbili za mwanzo kinabaki kushirikiwa na ile ndogo na baki. Namba zinapungua kila hatua, lakini KKS yao haibadiliki. Ndiyo maana mwishoni, baki inapokuwa 0, namba iliyosimama ndiyo jibu.

Namba nyingi kwa mpigo mmoja

Ukiwa na namba nne au tano, huhitaji kwenda mbili mbili. Chagua iliyo ndogo kuliko zote, gawanya nyingine zote kwa hiyo, na mahali pa kila namba uandike baki yake. Baki ikiwa 0, namba hiyo inafutwa. Kisha chagua tena ndogo kuliko zote kati ya zilizobaki, na urudie. Ikibaki moja tu, hiyo ndiyo KKS.

Tuchukue shamba la pembe nne lenye pande za mita 60, 72, 96 na 120. Mwenye shamba anataka kuweka uzio. Nguzo ziwe na umbali unaolingana kuzunguka shamba zima, na kila kona iwe na nguzo yake.

Ndogo ni 60. Tunagawanya nyingine kwa 60:
72 inabakiza 12
96 inabakiza 36
120 inabakiza 0, inafutwa

Tumebaki na 60, 12 na 36. Ndogo sasa ni 12:
60 inabakiza 0, inafutwa
36 inabakiza 0, inafutwa

Imebaki 12 peke yake. KKS ni 12, kwa hiyo umbali mkubwa kabisa unaowezekana ni mita 12. Mzunguko wa shamba ni 60 + 72 + 96 + 120 = mita 348, na 348 ÷ 12 = nguzo 29.

Mita 12 ni mbali mno kwa uzio wa seng'enge, waya utalegea. Hapa tena vigawo vya KKS vinasaidia. Umbali wowote wa mita kamili unaofika kona zote sawasawa ni kigawo cha 12: mita 1, 2, 3, 4, 6 au 12. Akichagua mita 3 atahitaji nguzo 116. Akichagua mita 4 atahitaji 87. Tofauti ni nguzo 29, na kila mtu anajua bei ya nguzo kwao. Mita 5 asijaribu: upande wa mita 60 utakubali, lakini wa mita 72 utamwacha na mita 2 kabla ya kona.

Angalia vipimo kwanza

Namba zote lazima ziwe za kipimo kimoja. Ukiwa na ubao wa mita 2.4 na mwingine wa sentimita 90, badili kwanza: sentimita 240 na sentimita 90. KKS yake ni 30, kwa hiyo vipande ni vya sentimita 30. Vivyo hivyo kwa kilo na gramu. Kuondoa nukta kwa kutumia kipimo kidogo kunakurudisha kwenye namba nzima, na KKS hutafutwa kwa namba nzima.

Jaribu mwenyewe

Fanya maswali haya pamoja na watoto nyumbani, kisha linganisha na majibu hapa chini.

1. Daftari 45, kalamu 75 na penseli 105 zinagawiwa sawa kwa wanafunzi bila kubakiza. Ni wanafunzi wangapi kwa wingi, na kila mmoja anapata nini?

2. Tafuta KKS ya 144, 216 na 360 kwa njia ya kwanza.

3. Tafuta KKS ya 391, 437 na 529 kwa njia ya pili.

Majibu:

1. KKS ni 15. Wanafunzi 15, kila mmoja daftari 3, kalamu 5 na penseli 7.

2. Tunagawanya kwa 2 mara tatu, kisha kwa 3 mara mbili. Mstari wa chini ni 2, 3, 5. KKS ni 2 × 2 × 2 × 3 × 3 = 72.

3. Ndogo ni 391. Namba 437 inabakiza 46, na 529 inabakiza 138. Ndogo sasa ni 46: 391 inabakiza 23, na 138 inabakiza 0. Ndogo sasa ni 23: 46 inabakiza 0. KKS ni 23.

Kuhakiki jibu ni rahisi. Gawanya kila namba ya mwanzo kwa KKS uliyoipata. Zote zigawanyike bila baki, na majibu yasiwe na kigawo chochote kinachoshirikiwa na yote isipokuwa 1. Kwa swali la tatu utapata 17, 19 na 23. Ukiona bado majibu yote yanagawanyika kwa namba moja, ulisimama mapema: zidisha namba hiyo kwa KKS yako na uhakiki tena.